Mwili wa Wimbo

Wimbo unapotoka kinywani mwa mwimbaji hauna uzito, hauna rangi, wala haudai mahali pa kuwekwa. Lakini tangu binadamu alipojua kuutia katika chombo na kukiuza chombo hicho sokoni, wimbo umepata mwili, na kila chenye mwili hutoka katika ardhi na hurejea katika ardhi, ama kwa heri ama kwa shari. Maneno haya ni mepesi, na pengine msomaji atadhani kwamba hayastahili insha. Walakini mimi niliyezaliwa na kulelewa Kibuli, katika mji wa Kampala, nikaona jinsi nyimbo za zama zangu zilivyobadili miili, kutoka santuri nzito hadi kanda, kutoka kanda hadi sidii, na kutoka sidii hadi simu, nimetambua kwamba ukweli huu mwepesi aghalabu husahauliwa na wale unaowahusu zaidi, nao ni wanamuziki wenyewe. Ndiyo sababu nimeazimu kuandika yale niliyojifunza, nikianza na kilima kilichonilea na kumalizia na albamu ya kwanza ya vijana wa mtaa wetu, ambao walinionyesha kwa vitendo jambo nililokuwa nikilitafuta kwa fikira.

Kibuli ni kilima ambacho aliyekizoea hukitambua kwa sauti kabla ya kukitambua kwa macho. Juu yake upo msikiti uliojengwa katika ardhi iliyotolewa na Mwana wa Mfalme Badru Kakungulu, mtu karimu aliyewajali Waislamu wa Uganda katika ibada na elimu yao. Jiwe lake la msingi liliwekwa mwaka 1941, ukafunguliwa mwaka 1951 na Aly Khan, na tangu hapo adhana yake imekuwa ndiyo saa ya mitaa yote inayouzunguka. Katika kilima hicho hicho kipo chuo cha mafunzo ya polisi, ambamo marehemu baba yangu alikuwa mwalimu wa gwaride. Kwa kuwa askari walitoka kila pembe ya nchi, Mwacholi, Mteso, Mlugbara, Mlangi na Muganda wakiishi mlango kwa mlango, Kiswahili ndicho kilichokuwa lugha ya amri uwanjani na lugha ya kuazimana chumvi nyumbani. Watoto wa kambini tulirithi kutoka kwa majirani muziki wa taifa zima bila kusafiri: jioni moja tulisikia nanga ya Kiacholi yenye nyuzi saba, jioni nyingine adungu ya Waaluri, na siku ya arusi endongo ya Waganda pamoja na ngoma zake, na mchana, tarumbeta na klarineti za bendi ya polisi zilitufundisha kwamba sauti nyingi zaweza kutii mkono mmoja.

Baba alikuwa na gramafoni ya kuzungusha kwa mkono, na santuri zake alizitunza kwa taadhima kubwa. Hakuna mtoto aliyeruhusiwa kuigusa santuri kwa vidole vyenye mafuta. Kila moja ilifutwa kwa kitambaa laini kabla ya kupigwa na baada ya kupigwa, ikarudishwa katika karatasi yake, na karatasi ilipochanika ilishonwa kwa uzi. Santuri za kale hazikuwa za plastiki. Zilifanywa kwa utomvu wa wadudu wadogo wakaao juu ya miti ya Bara Hindi, jinsi moja na lakiri iliyofungia barua za wakubwa, ukachanganywa na unga wa mawe. Na ni katika santuri za namna hiyo kwamba Siti binti Saad wa Unguja, alipovuka bahari mwaka 1928 pamoja na wenzake kwenda Bombay, alitia sauti yake na kuifikisha katika nyumba ambazo miguu yake haikupata kuzikanyaga. Ilipofika Vita vya Pili vya Dunia, utomvu huo ukawa adimu, na huko Marekani serikali iliamuru mwaka 1942 matumizi yake katika santuri yapunguzwe kwa sehemu kubwa, hata wenye maduka wakawataka wanunuzi walete santuri zao kuukuu zipate kusagwa na kufanywa mpya. Kwa hiyo hekima ya kukirejesha kitu kilichotumika katika kazi nyingine si hekima iliyozaliwa juzi. Dhiki iliifundisha kabla mapenzi hayajaifundisha.

Nikitazama nyuma naona kwamba katika nyumba yetu santuri haikupata kuwa taka, na sababu yake haikuwa nyenzo iliyofanyiwa, maana utomvu ule ulivunjika upesi kama ungeanguka, bali ilikuwa thamani iliyopewa. Kitu kinachopendwa hutunzwa, kinachotunzwa hudumu, na kinachodumu hakiitii ardhi hasara ya kukitengeneza mara ya pili. Somo hili lilikaa ndani yangu miaka mingi bila jina, mpaka nilipokutana na albamu iliyolipa jina.

Watoto wa askari wa wakati wetu walilijua jina la Erinayo Wilson Oryema kama watoto wa shule wanavyolijua jina la mwalimu mkuu, kwa kuwa ndiye Mwafrika wa kwanza kuwa Inspekta Jenerali wa Polisi wa Uganda, kisha akawa waziri. Mwezi wa Februari mwaka 1977 aliuawa, pamoja na Askofu Mkuu Janani Luwum na waziri mwenzake Charles Oboth Ofumbi, katika utawala wa Idi Amin. Na huzuni iliyoziingia nyumba za kambini siku zile ilikuwa ya kimya, kwa sababu kulia kwa sauti kulikuwa hatari. Mwanawe Geoffrey, ambaye baba huyo alimfundisha kuipiga nanga, alitoroka nchi akiwa amejificha katika buti ya gari, akavuka mpaka hadi Kenya, na hatimaye akafanya Ufaransa kuwa maskani yake. Huko ughaibuni, mwaka 1990, ikatoka albamu yake ya kwanza, Exile, kwa jina la Real World, kampuni iliyoanzishwa na Peter Gabriel, na msimamizi wa kurekodiwa kwake alikuwa Brian Eno. Nyimbo za wazee wa Kiacholi, pamoja na ala za nanga na lukeme, zilikaa humo bega kwa bega na gitaa na mitambo ya muziki wa roki, wala hakuna aliyemfunika mwenzake.

Albamu hiyo ilinifikia katika kanda, nikaisikiliza mpaka maandishi ya juu yake yakafutika. Wimbo wa Anaka, kijiji cha asili yake katika nchi ya Waacholi, ulinifundisha kwamba mtu aliyenyang'anywa ardhi huijua ardhi kuliko aliyeachiwa aikanyage bila kuitazama: aliyebaki nyumbani huona kichaka, aliyefukuzwa hukumbuka jina la kila mti. Oryema hakuandika hotuba ya kuhifadhi mazingira, lakini ardhi imo katika sauti yake kwa namna ambayo hotuba nyingi haziifikii. Alirejea Uganda kwa mara ya kwanza mwaka 2016, akafariki dunia huko Ufaransa mwezi wa Juni mwaka 2018; na albamu yake ya kwanza ingali inasikilizwa, miaka zaidi ya 30 tangu ilipotoka, na watu ambao hawakuwa wamezaliwa. Hapo ndipo nilipopata jina la somo langu. Albamu njema kwa ardhi, kabla hatujauliza imefanywa kwa karatasi gani, ni ile ambayo hakuna mtu anayetamani kuitupa.

Lakini si kila wimbo ni wa kudumu, na soko la Kampala halikungoja ule wa kudumu. Kanda zilizidi, zikapigwa katika kila teksi na kila duka. Kisha zikaja sidii zilizouzwa barabarani katika vifuko vya nailoni, nyingine zikakwama mara ya tatu zinapopigwa, nyingine hazikupigwa hata mara moja. Kisha simu zikazitoa zote katika matumizi kwa muda mfupi sana. Nilipokuwa nikiteremka kutoka Kibuli kuelekea Namuwongo, nilizoea kuona kando ya reli na ukingoni mwa mfereji wa Nakivubo tepu nyeusi za kanda zikiwa zimejisokota katika majani, na sidii zikimetameta katika tope baina ya chupa za maji na kaveera, yaani mifuko ya plastiki. Mfereji huo hupokea uchafu wa sehemu kubwa ya mji na kuupeleka katika ghuba ya Ziwa Victoria, na kutoka ghuba hiyo hiyo sehemu kubwa ya maji ya kunywa ya Kampala huvutwa na kusafishwa Ggaba. Kwa hiyo mji wetu hutupa na kunywa mahali pamoja. Na kile kinachobahatika kuchukuliwa na magari ya taka hakipotei, kwani kwa miaka mingi kilirundikwa Kiteezi, katika jaa lililofunguliwa mwaka 1996, na tarehe 10 Agosti 2024 mlima huo wa taka uliporomoka juu ya nyumba za watu, wakafa zaidi ya 30. Tangu siku hiyo mimi siwezi tena kulisikia neno la kutupa nikalidhani kuwa ni neno jepesi.

Katika hali hiyo ya mawazo ndipo walipokuja kwangu vijana wanne wa mtaa wetu, ambao walikuwa wakifanya mazoezi katika ua wa jirani, mmoja akipiga adungu, mmoja gitaa la umeme, mmoja ngoma, na binti mmoja mwenye sauti iliyotulia akiimba nyimbo alizozipokea kwa bibi yake na nyingine alizozitunga mwenyewe kwa Kiganda na Kiswahili. Muziki wao ulikuwa wa asili na wa roki kwa pamoja, na ulikuwa na ukweli ndani yake. Walikuwa wamekwisha kurekodi albamu yao ya kwanza, na mfadhili mmoja alikuwa tayari kuwachapishia sidii nyingi katika makasha ya plastiki. Walikuja kwa adabu, wakaketi, na binti ndiye aliyeanza maneno.

"Hajji," alisema, "tunataka nyimbo zetu zifike mbali, lakini mfereji wa Nakivubo unapita hapo chini yetu. Nusu ya nyimbo zetu zinausikitikia mfereji huo. Tutawezaje kuuimbia, kisha tukauongezea mzigo?"

Nilimwambia, "Mwanangu, swali hilo ni nusu ya albamu yenu. Ninyi mmekwisha kutunga nyimbo. Sasa tuutunge mwili wake."

Shauri letu lilichukua jioni nyingi, na nafurahi kuyaeleza mambo tuliyoyapima, kwa sababu naona kila mwanamuziki aweza kuyapima. La kwanza lilikuwa kuuliza kama sidii zilihitajika. Mwenye gitaa aliona kwamba jibu ni kutoa nyimbo katika intaneti tu, pasipo mwili wowote, na mambo yakaisha. Rai hiyo inapendeza, nayo imeenea duniani, lakini si sahihi kama inavyodhaniwa. Mtaalamu Kyle Devine, katika kitabu chake Decomposed kilichotoka mwaka 2019, amehesabu kwamba huko Marekani biashara ya muziki ilitumia plastiki kilo milioni 58 mwaka 1977, wakati wa santuri, na kilo milioni 61 mwaka 2000, wakati wa sidii, kisha ikashuka hadi yapata kilo milioni 8 mwaka 2016, watu walipohamia kusikiliza kwa intaneti. Ilhali gesijoto iliyotokana na biashara hiyo, ambayo mwaka 1977 ilikuwa sawa na kilo milioni 140 na mwaka 2000 kilo milioni 157, mwaka 2016 ilikuwa imepanda hadi baina ya kilo milioni 200 na milioni 350. Maana yake ni kwamba wimbo usioonekana unao mwili nao, isipokuwa mwili huo umewekwa mbali na macho yetu, katika majumba makubwa ya mitambo inayowaka usiku na mchana na kupozwa usiku na mchana, na kila tunaposikiliza wimbo ule ule mara ya ishirini huitwa tena kutoka huko mara ya ishirini.

Sisi wa Uganda twaweza kujifariji kwamba umeme wetu kwa sehemu kubwa hutokana na maji ya Nile, tangu bwawa la Owen Falls lilipofunguliwa Jinja mwaka 1954, na kwamba simu inayochajiwa Kibuli haichomi makaa. Lakini mitambo inayoihudumia simu hiyo iko katika nchi nyingine, na umeme wake tusiouona tunao sehemu ndani yake. Njia tuliyoiafiki ikawa ya kati. Nyimbo zilitolewa ziteremshwe mara moja na kuhifadhiwa katika simu, apate mwenye nazo kuzisikiliza bila kuita mitambo kila mara. Jambo hilo liliwapendeza wasikilizaji wa mtaani kuliko tulivyotazamia, kwa kuwa kifurushi cha data hununuliwa kwa shilingi za jasho, na wimbo uliokwisha kuteremshwa hauli kifurushi tena. Hapo maslahi ya maskini na maslahi ya ardhi yalikuwa kitu kimoja, na nimeona mara nyingi kwamba huwa hivyo mtu akitazama kwa makini.

Jambo la pili lilikuwa mfano wa kufuata. Vijana walinionyesha katika simu kikundi cha Fulu Miziki cha Kinshasa, ambao hutengeneza ala zao kwa madumu, mabomba ya plastiki, ndara kuukuu na vyuma vilivyotupwa, na hata mavazi yao na vinyago vyao hufanywa kwa vitu vya jaani. Mwaka 2020 baadhi yao walikuwa hapa hapa Kampala, wakifanya kazi na watu wa tamasha la muziki la Nyege Nyege wakati maradhi ya korona yalipoifunga dunia, na mwaka 2022 albamu yao fupi ya kwanza, Ngbaka, ilitolewa na kampuni ya Moshi Moshi ya London. Niliwasikiliza kwa makini. Sikusikia watu wanaosikitika kwa kukosa ala nzuri, bali watu waliopata sauti ambazo hazikupata kutengenezwa na kiwanda chochote. Aidha tuliwasoma The Low Anthem, kikundi cha muziki wa asili na roki cha Providence huko Marekani, ambao kwa albamu yao What the Crow Brings ya mwaka 2007 walitumia makasha matupu ya chakula cha asubuhi na kuyapiga chapa kwa mikono yao. Na Coldplay wa Uingereza, ambao mwaka 2024 waliitoa albamu ya Moon Music katika santuri ambazo kila moja imefanywa kwa chupa 9 za plastiki zilizokwisha kutumika. Kutoka kwa wakubwa na wadogo hao tulijifunza jambo moja: kila mmoja alianza na taka iliyo karibu naye. Vijana wetu nao wakajiuliza Kibuli iko karibu na nini.

Jibu lilikuwa karibu kuliko tulivyofikiri. Waganda wanacho kitambaa cha gome, olubugo, kinachotokana na mti wa mutuba, na ustadi wa kukifanya ulitangazwa na UNESCO mwaka 2005 kuwa hazina ya ubinadamu. Fundi huubambua mti gome lake wakati wa mvua, huufunga mti ule kwa majani ya mgomba usije ukanyauka, kisha hulipiga gome kwa nyundo za mbao zenye mifuo mpaka likatanuka na kulainika, na jua likalipa rangi yake ya udongo mwekundu. Na mti huo haukatwi, bali huota gome jipya, na waweza kuvunwa tena na tena kwa miaka mingi. Sijui nyenzo nyingine inayoeleza kwa uwazi zaidi tofauti iliyopo baina ya kutumia na kuangamiza. Lakini kitambaa hicho kina heshima yake, maana wafalme wa Buganda wamesimikwa kwacho na maiti wamezikwa ndani yake, kwa hiyo vijana walikwenda kwanza kwa wazee kuomba ruhusa, na wazee wakawaambia kwamba heshima ya olubugo haivunjwi na kazi njema, huvunjwa na uchafu. Wakanunua kwa mafundi vipande vya pembeni vinavyobaki baada ya kukata, wakashona mifuko midogo, na ndani ya kila mfuko wakatia kijitabu chenye maneno ya nyimbo zote, kilichopigwa chapa upande usioandikwa wa karatasi za ofisi, pamoja na namba ya kuteremshia nyimbo. Hakukuwa na sidii wala kasha. Mifuko ilifanywa michache, kwa kadiri ya watu walioiagiza kwa majina yao. Atakayetaka baadaye, ashonewe wake.

Nataka msomaji asidhani kwamba kila cha asili hakina lawama, kwa kuwa fikira hiyo nayo hupotosha. Engalabi, ngoma ndefu ya Waganda, na endongo pia, kwa desturi huwambwa ngozi ya kenge, na kenge si kiumbe wa kufugwa. Mpiga ngoma wetu alichagua ngozi ya mbuzi aliyechinjwa kwa chakula, akakubali sauti yake iliyo tofauti kidogo. Zile klarineti za utotoni mwangu nazo zina habari yake: klarineti nzuri huchongwa kwa mpingo, mti ukuao polepole mno, na hazina yake kubwa iko Tanzania. Huko kaskazini mwa nchi hiyo, Sebastian Chuwa alianza mwaka 1996, pamoja na James Harris wa Marekani, kazi ya kuupanda mti huo, na huko Kilwa, mwaka 2009, vijiji vilipata hati ya kimataifa ya kuthibitisha kwamba misitu yao inavunwa kwa utaratibu. Kwa hiyo bendi yoyote duniani inapopuliza klarineti ya mpingo, imeazima kitu kutoka msituni kwetu, na adabu ya mwazimaji ni kujua kilipotoka na kuhakikisha kwamba kinarudishwa.

Albamu ilizinduliwa katika uwanja wa wazi, baada ya sala ya alasiri, ili mwanga wa jua utoshe na jenereta isihitajike. Maji ya kunywa yaliwekwa katika mitungi na vikombe vya kuoshwa, na akina mama wa mtaa walileta chakula kilichofungwa kwa majani ya mgomba, kama kilivyofungwa na bibi zao. Watu walikuja wengi, wazee kwa watoto, na nyimbo zilisikilizwa kwa utulivu ambao vipaza sauti vikubwa haviuleti. Ilipokaribia magharibi vijana walikoma kupiga, adhana ikasikika, na uwanja ukaachwa kama ulivyokutwa. Mzee mmoja, askari mstaafu aliyefunzwa gwaride na marehemu baba yangu, alininong'oneza kwamba hakujua kama shughuli yaweza kwisha bila kufagiliwa siku ya pili. Nami nilifurahi kwa sababu hapakuhubiriwa neno hata moja juu ya usafi. Adabu ilikuwa imewekwa katika mpango wenyewe, na watu wakaifuata bila kuamrishwa.

Ni haki kusema pia mpaka wa jambo hili. Mifuko michache ya olubugo haiusafishi mfereji wa Nakivubo, wala haimfufui mtu mmoja wa Kiteezi. Uganda ilitunga sheria mwaka 2009 ya kukataza mifuko ya plastiki iliyo chini ya mikroni 30, na kaveera zingali sokoni hadi leo. Ilhali Rwanda ilikataza mwaka 2008 na ikasimamia neno lake, Kenya ikafuata mwaka 2017, na Tanzania bara mwaka 2019. Kazi ya serikali ni ya serikali, na kazi ya wenye viwanda ni ya wenye viwanda, na hakuna msanii anayepaswa kujitwisha mzigo wao wakapata wao kulala. Lakini sheria huishi panapokuwa na tabia ya kuipokea, na tabia hufunzwa na wale ambao watu hupenda kuwaiga. Kijana wa Kibuli huenda asilisome gazeti la serikali maisha yake yote, ila humtazama mwimbaji wake kwa macho mawili: avaavyo, anywavyo, na aitupavyo chupa aliyokwisha kuinywa. Katika hilo mwanamuziki anao uwezo ambao waziri hana, na kila uwezo ni amana.

Dini niliyolelewa nayo katika kilima hiki inatukataza israfu, na walimu wetu wa madrasa walitufundisha kuyatumia maji ya udhu kwa kiasi hata bomba linapotiririka kwa nguvu, kwa hoja kwamba wingi wa kitu haumpi mtu haki ya kukifuja. Nimeishi kuona kwamba hoja hiyo yafaa kwa sanaa kama ifaavyo kwa ibada. Wingi wa nyimbo, urahisi wa kuzichapa na wepesi wa kuzisambaza haumpi mtu haki ya kuzifuja. Atoaye albamu ya kwanza ana neema ambayo hataipata tena, kwa sababu bado hajazoea njia yoyote, na lolote atakalolianza ndilo litakalokuwa desturi yake. Kwa hiyo na aanze kwa kuuliza nyenzo yake inatoka wapi, inakwenda wapi baada yake, na ni watu wangapi hasa wanaoihitaji. Kisha, baada ya maswali hayo yote, arudi kwenye swali kubwa kuliko yote, ambalo Geoffrey Oryema alilijibu kwa nanga ya baba yake: je, wimbo huu umetungwa kwa ukweli wa kutosha hata mtu apende kukaa nao miaka 30? Akiwa hawezi kuitikia ndiyo, basi hata olubugo haitamwokoa, na wimbo wake utakuwa taka iliyovishwa vizuri. Akiweza, na ajitahidi kuupa wimbo huo mwili unaoustahili, autoe kwa kadiri ya haja, na asione haya kwa uchache wake. Kwani vijana wanne wa Kibuli waliutoa wao kwa uchache, na leo wakiulizwa albamu yao ya kwanza iko wapi, wanaweza kuitaja nyumba ya kila aliyenayo.